Safari ya Mji Mkuu: Mama Aliona Nini?



Ndugu zetu wasomaji, shule zinakaribia kufungwa, na kama ilivyo ada ya kila mwisho wa mwaka, katika nyumba nyingi za mwambao yamekwisha kuanza maneno ya safari. Watoto wa Mombasa, Kilifi, Malindi na Kwale wanataka kuiona Nairobi. Wamesikia habari za majumba marefu, za twiga anayelishwa kwa mkono, na za baridi inayomfanya mtu avae nguo juu ya nguo. Baba anapiga hesabu, mama naye anapiga yake, na mara nyingi hesabu mbili hizo hazikutani.

Wiki iliyopita, baada ya darasa la akina mama, mmoja wao alituuliza: "Sheikh, iko njia ya kuipeleka aila Nairobi siku tatu tukarudi tukiwa bado na cha kulia?" Wenzake walicheka, nasi tukacheka, lakini swali lile ni la maana. Makala ya leo ni jibu lake. Kabla ya kutaja nauli na malango, hata hivyo, tunaomba ruhusa tulikiri kosa letu, kwa kuwa nasaha hukaa vizuri zaidi ikitanguliwa na ukweli.

Kosa letu

Miaka kadhaa iliyopita tuliichukua aila yetu kwenda Nairobi kwa siku nne. Tulikodi nyumba ya siku yenye jiko, tukabeba mchele, nazi, viungo na mbuzi ya kukunia, ili tusinunue chakula cha hoteli. Kila jioni tuliandika matumizi katika daftari, na tuliporudi tulilifunga daftari lile kwa fahari, maana tulikuwa tumetumia chini ya tulivyokadiria. Siku ya pili, tukiwa tumeketi barazani, binti yetu mdogo akamwuliza mamake: "Mama, wewe ulipenda nini Nairobi?" Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, mimi niliona jiko la wenyewe."

Hakusema kwa kulaumu. Sisi ndio tuliojilaumu. Tulikumbuka siku zile nne moja baada ya nyingine: asubuhi alikuwa akipika, mchana akibaki na mtoto aliyekuwa bado ananyonya, jioni akiosha vyombo na kufua nguo za waliotembea. Nauli yake ilikuwa sawa na yetu. Tulilipa nauli ya mtu mzima, kwenda na kurudi, ili mtu huyo akapike mahali pengine. Daftari letu lilikuwa sahihi kwa tarakimu, ila lilikosea kwa maana.

Tangu siku ile tunayapima matembezi kwa swali moja: kila aliyelipiwa nauli ameona nini, na amepumzika kiasi gani? Fedha kidogo iliyotumika vibaya ni hasara, na fedha zaidi kidogo iliyotumika mahali pake ni faida. Yote tutakayoyaeleza hapa chini yanarudi kwenye swali hilo.

Nia na mfuko

La kwanza ni chanzo cha fedha. Dini yetu imetukataza israfu kama ilivyotukataza ubakhili, na ikatutaka tushike njia ya kati. Matembezi ni jambo la halali, na kuifurahisha aila kwa nia njema kuna ujira mbele ya Mwenyezi Mungu. Lakini matembezi ya deni si furaha. Ni huzuni iliyoahirishwa. Mwezi wa Desemba hufuatwa na Januari, na Januari ina karo, sare na vitabu. Basi itengeni karo kwanza, muiweke mahali ambapo mkono haufiki kwa wepesi, kisha mtazame kilichosalia. Ikiwa kilichosalia hakitoshi safari ya mwaka huu, wekeni kidogo kidogo kila mwezi kwa ajili ya mwaka ujao. Nairobi haihami.

La pili ni kikao. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba watu watatu wakitoka safarini wamteue mmoja wao kuwa kiongozi. Uongozi huo haumaanishi kuamua peke yako. Wakusanyeni watoto usiku mmoja baada ya Ishaa, na kila mtu ataje mahali pamoja anapotamani kupaona. Aanze mama. Tunalisema hili kwa kuwa desturi yetu ni kumwuliza mwisho, naye akiulizwa mwisho husema "popote mnapopenda ni sawa," nasi tukalichukua neno hilo kama ridhaa, hali ni adabu tu.

La tatu ni kiasi. Mahali pawili kwa siku panatosha. Anayetaka kupaona pahala patano kwa siku moja hulipa malango matano na nauli sita, na jioni hakumbuki ila vumbi na vilio vya watoto.

La nne ni suala la maharimu. Kwa kuwa safari hii si ya wajibu, madhehebu yetu ya Shafii humtaka mwanamke asafiri pamoja na mumewe au maharimu yake. Mjane au dada anayelea watoto peke yake asidhani mlango umefungwa. Kaka, mjomba, au kijana wake aliyebaleghe na mwenye akili timamu anatosha. Nanyi mlio na uwezo, mnapopanga safari yenu kumbukeni kama kuna dada yenu wa damu aliyekaa na mayatima wake nyumbani. Kuongeza watu wawili watatu katika msafara hakugharimu kama tunavyodhani, na thawabu yake ni kubwa.

Njia ya kwendea

Mji wa Nairobi ulizaliwa na reli iliyotoka kwetu. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, na reli ilipofika mwaka 1899 katika bonde lile ambalo Wamaasai walilitaja kwa maji yake baridi, kambi ya wajenzi ikageuka mji. Reli mpya ya Madaraka Express ilianza kubeba abiria mwaka 2017, nayo ndiyo njia tunayoipendekeza kwa wenye watoto. Watoto husimama, hunyoosha miguu, na choo kimo ndani.

Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida baina ya Mombasa na Nairobi ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na ya daraja la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500. Tofauti ya madaraja hayo mawili, kwa baba na mama, kwenda na kurudi, ni shilingi 12,000. Viti vya daraja la kwanza ni vipana zaidi, lakini behewa zote hufika kituoni kwa dakika ile ile. Hizo 12,000 zitalisha aila nzima Nairobi na kulipa malango yake. Jambo la muhimu ni kukata tikiti mapema, kwa simu au mtandaoni, kwa kuwa siku za likizo nafasi hujaa. Chukueni vitambulisho vya wakubwa na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Vitahitajika kituoni, na vitahitajika tena malangoni kama tutakavyoeleza.

Kuna treni ya saa mbili asubuhi inayosimama vituo vya njiani, kuna ya saa tisa alasiri, na kuna ya saa nne usiku. Wengi hupenda ya usiku wakidhani wameokoa malazi ya siku moja. Treni hiyo hufika kabla ya alfajiri, na mtu mwenye watoto watatu wenye usingizi hujikuta akilipa teksi ya bei ya usiku, kisha nyumba aliyokodi haijafunguliwa. Sisi tunawausia treni ya asubuhi, kwa sababu mbili. Ya kwanza, inapita Tsavo mchana, na mwenye bahati humwona ndovu mwekundu kwa udongo wa kule, bila kulipa lango lolote. Ya pili ni sala. Treni hiyo hufika mapema alasiri, wakati wa Adhuhuri ukiwa bado haujatoka, na msafiri anaweza kuswali Adhuhuri rakaa mbili na kuikusanya pamoja na Alasiri rakaa mbili baada ya kushuka, kwa utulivu na kwa udhu.

Tukiwa katika hukumu hizi, tukumbushane kwamba kwa madhehebu yetu, anayenuia kukaa siku nne kamili mahali fulani, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukatika hukumu yake ya usafiri tangu anapofika. Basi wa siku tatu ataendelea kupunguza, na wa wiki nzima ataswali kamili. Na anayeswali nyuma ya imamu mkaazi atatimiza kama imamu wake.

Jambo jingine dogo linalowasumbua wengi ni mbwa wa ukaguzi. Kituoni mizigo hupangwa mstari, na mbwa wa polisi huipitia akinusa. Si mahali pa kugombana na askari, wala pa kuacha safari. Misahafu na mikeka ya sala itieni ndani kabisa ya begi, au mifuko yenu ya mkono iwe na kifuniko cha plastiki. Kikavu kikigusana na kikavu hakinajisi. Pua yenye majimaji ikigusa begi, mnajua hukumu yake katika Shafii: mahali palipoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kifuniko cha plastiki huosheka kwa wepesi kuliko begi la kitambaa.

Chakula cha njiani kitoke nyumbani. Mahamri, mayai ya kuchemsha, viazi vya karai na chupa ya chai hutosha, na hapa ndipo mahali pazuri pa kuokoa fedha, kwa kuwa hupikwa mara moja tu kabla ya kuondoka.

Malazi na jiko

Kituo cha Nairobi kiko Syokimau, nje ya mji. Kutoka hapo iko treni ndogo inayoingia hadi stesheni ya zamani katikati ya mji, nayo ni nafuu kuliko teksi na haikwami katika msongamano. Kwa malazi, mtaa wa South C, Eastleigh, Parklands na maeneo yaliyo karibu na Msikiti wa Jamia yote yana Waislamu wengi, misikiti na vyakula vya halali. Msipumbazwe na nyumba ya bei ndogo iliyo mbali sana. Nauli za asubuhi na jioni kwa watu sita kwa siku tatu huila tofauti ile yote, na saa za njiani haziregeshwi na mtu.

Nyumba ya kukodi yenye jiko si haramu, na kwa aila kubwa ni nafuu kuliko vyumba vitatu vya hoteli. Lakini wekeni sheria tangu siku ya kikao. Asubuhi chai na mkate, na wa kuitengeneza ni baba na vijana. Mchana kila mtu hula popote alipo. Jioni chakula kinunuliwe kimeiva. Wali na nyama wa hoteli za Kisomali za Eastleigh huja sinia pana, na sinia mbili hushibisha watoto wengi. Vyombo huoshwa na waliokula. Nguo huvaliwa mara mbili, na zinazobaki hufuliwa nyumbani. Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona nguo yake na kuwasaidia watu wa nyumba yake kwa kazi zao, basi ni nani katika sisi atakayeona haya kushika sufuria siku tatu?

Mji wenyewe

Siri ya kuutazama mji mkubwa kwa fedha kidogo ni kuugawa kwa pande, ili siku moja itumike upande mmoja. Msongamano wa Nairobi ni mwalimu mkali. Tokeni baada ya saa tatu asubuhi, rudini kabla ya saa kumi jioni, na mvua ikinyesha msishangae nauli za matatu kupanda. Ikiwa mtatumia teksi za kuitwa kwa simu, linganisheni bei za programu mbili kabla ya kukubali.

Siku ya kwanza iwe ya miguu, katikati ya mji. Anzeni Msikiti wa Jamia, uliokamilika mwaka 1933, wenye makuba matatu ya rangi ya fedha. Akina mama wana sehemu yao ya sala. Karibu nao ni maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, na simba wake wawili wa mawe mlangoni. Kisha shukeni hadi Moi Avenue, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, iliyomo katika jengo lililokuwa benki. Ghorofa ya chini mtaona mkusanyo wa sanaa za Kiafrika wa marehemu Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya. Hufungwa Jumapili, basi pangeni siku zenu vizuri. Hatua chache kutoka hapo ni sanamu ya Tom Mboya, aliyeuawa karibu na hapo mwaka 1969.

Mkifuata Moi Avenue mtafika kwenye bustani ya kumbukumbu ya tarehe 7 Agosti 1998, palipolipuliwa ubalozi wa Marekani wakafa zaidi ya watu 200, Waislamu wakiwamo. Msiipite. Wasomeeni watoto majina yale ukutani, na wafahamisheni kwa maneno yenu wenyewe kwamba dini yetu inaihesabu nafsi moja isiyo na hatia kama watu wote. Somo hilo likitoka kinywani mwa mzazi, mahali pale, huwa zito kuliko khutuba zetu kumi. Mwenye nguvu bado anaweza kwenda Makumbusho ya Reli, kuliko na behewa ambalo mwaka 1900 simba alimtoa afisa wa polisi, Charles Ryall, kule Kima. Watoto wa kiume hawatalisahau.

Siku ya pili iwe ya Makumbusho ya Taifa, yaliyo kilimani kando ya mji. Uani mtamkuta ndovu Ahmed. Huyu alikuwa ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu mno, ambaye mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe na askari mchana na usiku, na akafa mwaka 1974 kifo chake cha kawaida. Kila mtoto aitwaye Ahmed atataka picha mbele ya sanamu yake. Ndani mna ukumbi wa ndege, mna picha za watu wa makabila ya Kenya zilizochorwa na Joy Adamson, na pembeni ni nyumba ya nyoka. Malipo ya raia ni madogo sana kuliko ya mgeni wa nje, na hapa ndipo kitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vinapofanya kazi. Asiyekuwa navyo huenda akatozwa zaidi. Andaeni pia fedha katika simu, kwa kuwa malango ya serikali hulipwa kwa njia ya eCitizen, na noti mkononi haifai.

Alasiri ya siku hiyo iacheni wazi. Si mbali na makumbusho ipo bustani ya miti, Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, yenye miti ya kila namna na nyasi za kukaa. Chukueni mkeka, matunda na maji. Wanaopenda kutembea zaidi wataufurahia msitu wa Karura, ambao marehemu Profesa Wangari Maathai aliupigania usigawiwe wenye tamaa. Tuliposema "iacheni wazi" tulimaanisha hivyo hasa: hapa baba huwachukua watoto, na mama huketi.

Siku ya tatu ni upande wa Lang'ata. Kituo cha Sheldrick hulea watoto wa ndovu waliofiwa na mama zao, na hufungulia watazamaji saa moja tu kwa siku, kuanzia saa tano mchana. Ni lazima kuweka nafasi kabla. Ndovu hao wakikua hupelekwa Tsavo wakaishi porini, kwa hivyo mliyemwona dirishani mwa treni huenda alinyonyeshwa kwa chupa hapo. Baada yake nendeni Giraffe Centre, mahali pa jukwaa la kulishia twiga, ama matembezi ya miguu ya Safari Walk, penye lango kuu la Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mbuga yenyewe, ya mwaka 1946, ni kubwa, na ili kuiona hapana budi kuwa na gari. Kwa aila isiyo na gari, Safari Walk ni thamani bora zaidi: simba na vifaru huonekana, na watoto wanatembea.

Nairobi iko juu, mita zipatazo 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hata Desemba usiku una baridi, na mwezi wa Julai ni baridi kweli kweli. Kila mtoto awe na sweta lake. Simu zisishikwe mkononi njiani, na fedha zigawanywe, nyingine kwa baba na nyingine kwa mama.

Soko

Wengi wa wasomaji wetu wa kike watatusamehe tukigusa jambo hili. Eastleigh ni soko la vitambaa, mabuibui, mazulia na viatu, na bei zake za jumla ni za kuvutia. Lakini jueni kwamba sehemu kubwa ya bidhaa hizo ilishushwa katika bandari yetu wenyewe, ikapanda reli au lori hadi huko. Kununua Nairobi kitu kinachouzwa Mombasa kwa bei ile ile, kisha kukibeba kurudi, ni kukilipia nauli ya kurejea kwao. Andikeni kabla ya safari vitu vitatu mnavyovihitaji na bei zake za nyumbani. Ulizeni maduka matatu. Kilicho nafuu kweli nunueni, na kisichokuwa nafuu kitazameni tu, maana macho hayatozwi.

Zawadi ya bibi aliyebaki nyumbani na ya jirani aliyewalisha kuku wenu isisahauliwe. Paketi ya majani ya chai ya bara inatosha.

Haki ya mwenye nyumba

Tumesema mengi ya fedha, na tunarudi pale tulipoanzia. Ndugu zetu akina baba, mnapopiga hesabu ya safari, tengeni fungu moja dogo mlitie mkononi mwa mama mkiwa bado Mombasa, lisiulizwe limekwenda wapi. Tengeni nusu siku moja iwe yake, ya kulala, au ya kumtembelea ndugu yake wa South C, au ya kufanya asilolifanya mwaka mzima. Na mtoto anayenyonya abebwe kwa zamu. Hayo hayaongezi gharama ya safari ila kwa kiasi kidogo mno, nayo ndiyo yanayoifanya iwe safari ya watu wote.

Nanyi mama zetu na dada zetu, msione haya kulitaja mnalolitamani. Kunyamaza kwenu tumekugeuza kuwa tabia, na wakati mwingine mume hajui kwa sababu hajaambiwa.

Sisi tulijaribu tena baada ya miaka miwili. Safari ile ilikuwa ya siku tatu badala ya nne, na tulitumia zaidi kidogo kuliko ya kwanza, kwa ajili ya vyakula vya kununua. Tuliporudi hatukungoja binti aulize, tulimwuliza mama sisi wenyewe. Alitaja ndovu wadogo waliojigaragaza matopeni. Kisha akasema kwamba zaidi ya hayo alipenda kule kwenye miti, alipokaa saa nzima juu ya mkeka asiitwe na mtu.

Saa ile haikutugharimu hata senti moja.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie wasafiri wote salama ya kwenda na ya kurudi, azipe nyumba zetu rizki ya halali yenye baraka, na azitie nyoyo zetu huruma kwa wanaotuhudumia. Wabillahi tawfiq.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.